Matairi ya mbele yanalika kwa ndani: kagua haya kabla ya kukimbilia alaimenti (kupimwa na kupangwa kwa pembe za magurudumu)

Gari linalokula matairi ya mbele kwa ndani halikuonyeshi ugonjwa wake likiwa limeegeshwa na usukani umenyooka. Unalipita kwa nje, unaona kashata (mikato ya uso wa tairi) nzima, unaridhika, kumbe ukingo unaotazama injini umeshakuwa kipara siku nyingi. Nimefungua magurudumu ya watu waliokuwa wanajiandaa kwa safari ndefu nikakuta waya zinachungulia, na mwenye gari anabisha kwamba matairi bado mapya. Kwa upande anaouona yeye, alikuwa anasema kweli.

Anza hivi: kata usukani hadi mwisho upande mmoja, zima gari, vuta breki ya mkono, shuka na tochi. Gurudumu moja litakuonyesha ukingo wake wa ndani ukisimama mbele ya gari, jingine itabidi uchuchumae nyuma yake. Tazama kwa macho kwanza, mkono baadaye, maana waya wa tairi ukichomoza unachana kidole vibaya. Ukiona waya au kitambaa cha ndani, tairi hilo halirudi barabarani. Livue, funga la akiba, na uchunguzi uendelee gari likiwa limesimama.

Kama waya hazijatokea, pima kina cha kashata sehemu tatu kwenye upana wa tairi: nje, katikati na ndani. Kipimo maalumu ni bora, ila hata rula nyembamba inatosha. Usitegemee vile vijituta vya alama vinavyokuambia kina kimeshuka hadi milimita 1.6. Vimewekwa kwenye mifereji mikuu, na mifereji mikuu haiko begani mwa tairi. Bega la ndani linaweza kuisha kabisa huku vijituta vyote bado viko chini, havijaguswa.

Andika namba zako. Ukipata milimita 6 nje, 5.5 katikati na 2 ndani, endelea kusoma. Ukipata 3 nje, 5 katikati na 3 ndani, tairi limekuwa likitembea na upepo mdogo. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, huna haja ya kumsumbua fundi.

Kiganja kinajua

Sasa pitisha kiganja juu ya kashata kwa upana wa tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu rudi kutoka ndani kwenda nje. Polepole, na urudie sehemu kadhaa kuzunguka tairi. Vijana ninaowafundisha hawapendi hatua hii, wanataka mashine ya alaimenti. Mimi siwashi mashine kabla ya kushika tairi, kwa sababu mashine inaniambia gari likoje leo, lakini tairi linaniambia limekuwa likitembeaje miezi yote iliyopita.

Unaweza kuhisi meno. Upande mmoja kiganja kinateleza, ukirudi kinakwaruzwa: kila kipande cha kashata kina kona moja iliyolainika na nyingine iliyobaki kali. Tairi la namna hiyo limekuwa likiburutwa kwa ubavu, na kosa liko kwenye too, yaani uelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu. Ukikwaruzwa unapovuta kiganja kutoka nje kwenda ndani, magurudumu yamefunguka kwa mbele. Hiyo ndiyo toauti, na ndiyo inayokula ndani. Ukikwaruzwa unapotoka ndani kwenda nje, magurudumu yamefunga mno kwa mbele, ni toini, na hapo kwa kawaida anayeumia ni ukingo wa nje.

Unaweza pia usihisi meno hata kidogo, ila mteremko laini kutoka katikati kushuka ndani. Hiyo ni dalili ya kemba, yaani mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele: juu ya gurudumu kumelalia ndani kupita kiasi, kwa hiyo uzito unakalia ukingo mmoja.

Na ukihisi mabonde na vilima ukifuata mzunguko wa tairi, usihangaike na pembe kwanza. Tairi linarukaruka. Kagua shokapu, balansi na ulegevu wa viungo.

Wengi wakiona ndani kumelika wanataja kemba moja kwa moja. Mimi naanza na too. Magari mengi ya kawaida yanatoka kiwandani na kemba hasi kidogo (juu kumelalia ndani), chini ya digrii moja au karibu nayo, na matairi yake yanaisha vizuri tu. Too haina huruma hiyo. Chukua tairi lenye kipenyo cha milimita 600, na magurudumu mawili yaliyofunguka kwa jumla ya milimita 6. Kila gurudumu lina milimita 3 zake. Tatu kwa 600 ni sawa na mita 5 kwa kilomita 1. Yaani katika kila kilomita unayokwenda mbele, tairi limesuguliwa kwa ubavu mita 5. Zidisha kwa safari za mwezi mmoja utaelewa kwa nini tairi jipya linakwisha mapema hivyo. Kemba inachagua sehemu ya tairi itakayobeba uzito. Too ndiyo inayoisugua sehemu hiyo hiyo. Zikikutana zote mbili, bega la ndani halidumu.

Tairi moja au yote mawili?

Linganisha kushoto na kulia. Magurudumu ya mbele yameunganishwa kwenye usukani mmoja, na gari likitembea yanagawana kosa la too. Ndiyo maana toauti kwa kawaida inakula pande zote mbili, hata kama si kwa kiasi sawa. Tairi moja tu likiwa limelika, tena kwa mteremko laini, natafuta kitu kilichopinda au kulegea upande ule: shokapu iliyopinda, nako (chuma kinachoshika gurudumu) iliyopinda, boli jointi (kiungo cha duara kinachoishika nako) iliyokwisha. Muulize dereva kama kuna shimo alilolipiga au ukingo wa barabara alioukwangua. Asipokumbuka, itazame rimu kwa ndani, yenyewe inakumbuka.

Kuna hali moja inayowachanganya hata mafundi wazoefu. Upande mmoja kemba imezidi kuwa hasi, upande wa pili imepungua kwa kiasi kilekile, na hakuna kilichopinda. Hapo sabufremu, yaani fremu ndogo ya chini ya injini, imehama kwa ubavu, mara nyingi baada ya kushushwa kwa kazi ya injini au giaboksi na kurudishwa bila kuwekwa sawa. Dawa ni kulegeza bolti zake, kuisukuma mahali pake na kukaza upya.

Kimo cha gari

Kabla ya jeki, chukua futi. Gari likiwa sehemu tambarare, bila mzigo, pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu wima hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi sentimita moja hivi, mulika springi. Koili ya chini kabisa ndiyo inayopenda kukatika, na kipande kikikaa vizuri kwenye sahani yake gari linaendelea kutembea bila kelele yoyote. Upande ulioshuka, kemba inakuwa hasi zaidi na too inahama.

Ndiyo hiyo hiyo inayowapata walioshusha magari kwa urembo. Springi fupi zinabadilisha kemba na too kwa pamoja, na mtu anafunga springi leo, alaimenti anaiahirisha mpaka mshahara, ukifika matairi yameshakwenda. Sina ugomvi na gari lililoshushwa. Nina ugomvi na kuahirisha.

Ulegevu: hapa ndipo kazi ilipo

Nilipata kuletewa saluni ndogo ambayo mwenyewe alikuwa amebadilisha matairi ya mbele zaidi ya mara moja, na kila mara alipiga alaimenti. Karatasi za alaimenti alikuwa nazo, namba zote za kijani, yaani ndani ya kipimo. Matairi yakaendelea kulika ndani, na kila aliyemwona akamwambia anakata kona kwa kasi. (Kukata kona kwa kasi kunakula nje, si ndani. Mtu akikupa sababu hiyo, tafuta fundi mwingine.) Nikaliinua, nikaingiza mtaimbo mdogo kati ya lowa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) na sabufremu kwenye bushi ya nyuma, yaani mpira wa kiungo chake, nikasukuma taratibu. Mpira ulikuwa umechanika mzunguko mzima. Gari likiwa limesimama juu ya mashine, bushi ilikaa mahali pake na namba zikawa sahihi. Dereva akikanyaga breki, gurudumu linarudi nyuma, tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) inabaki palepale, na too inafunguka. Mashine haikusema uongo. Ilipima gari lililosimama.

Kwa hiyo alaimenti ni kazi ya mwisho. Ukipima pembe za gari lenye viungo vilivyolegea umepima bahati.

Ukaguzi wenyewe si mgumu, ila unataka utaratibu. Inua mbele, weka gari juu ya stendi, usilale kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Magurudumu ya nyuma yazuie kwa kabari. Kisha shika gurudumu mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, sukuma huku ukivuta. Ukihisi mchezo, yaani ulegevu, mwite mwenzako akanyage breki na kuishikilia, urudie. Mchezo ukitoweka, beringi ndiyo iliyolegea, maana breki imeifunga diski na habu (kitovu cha gurudumu) pamoja na nako. Mchezo ukibaki vilevile, tazama boli jointi ya chini, na bolti zinazoshika shokapu.

Angalizo kuhusu boli jointi. Kwenye magari ya shokapu ndefu iliyobebana na springi, ambayo ndiyo mengi, jointi ya chini haibebi uzito wa gari, kwa hiyo inakaguliwa gurudumu likining'inia. Kwenye magari ambayo springi inakalia lowa amu, gurudumu likining'inia springi inaikandamiza jointi na mchezo unajificha. Hayo weka jeki chini ya lowa amu yenyewe, karibu na gurudumu, uinue kidogo, ndipo utikise.

Kisha shika gurudumu kushoto na kulia kwake, kwenye usawa wa habu. Mchezo wa hapa ni wa tairodi. Lakini kipimo ninachokiamini zaidi kwa tairodi ni magurudumu yakiwa chini, yamebeba uzito. Washa injini ili usukani uwe mwepesi, breki ya mkono iwe imevutwa, mwenzako atikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, mwendo mfupi tu. Wewe, ukiwa pembeni ya gari, weka vidole juu ya tairodi endi, kiungo cha mwisho wa tairodi. Kiungo kizima kinasogea chote kwa pamoja. Kilichokwisha kinagonga vidoleni kabla gurudumu halijaitikia. Kisha bana ule mpira wenye mikunjo karibu na reki (chuma cha usukani kinachosukuma tairodi), kwa sababu kuna kiungo kingine ndani yake, na hicho ndicho kinachosahaulika. Kugonga kwake unakusikia kupitia mpira.

Bushi za lowa amu zinataka mtaimbo na tochi. Tafuta mpasuko unaopita kwenye mpira, chuma cha katikati kilichohama kutoka katikati ya duara, na mng'aro wa chuma kilichosuguana na chuma. Nyufa ndogo za juu juu za uzee zisikutishe. Bushi nyingine zimejazwa mafuta ndani. Ukiona imelowa na majirani zake ni wakavu, imekwisha hata kama haijachanika.

Ukibadilisha bushi za mpira, usikaze bolti zake magurudumu yakining'inia. Funga tu zishike, shusha gari likalie uzito wake, litikise, ndipo ukaze kwa nguvu inayotakiwa. Ukizikaza gari likiwa juu, mpira unabaki umesokotwa kila siku, na utachanika mapema. Nimeona bushi mpya zikilaumiwa kuwa feki kwa kosa hili tu.

Kupima mwenyewe

Vipimo vya nyumbani havichukui nafasi ya mashine. Vinakusaidia kujua kosa ni la aina gani na kubwa kiasi gani, na kukataa ubabaishaji.

Kwa kemba, tumia simu yenye programu ya kupimia mteremko. Nyoosha usukani, simamisha rula imara ikigusa ukingo wa rimu juu na chini, isiguse mpira uliovimba, kisha egemeza simu kwenye rula. Andika namba. Sasa geuza gari zima liangalie ulikotoka, lisimame palepale, upime gurudumu lilelile tena. Wastani wa namba hizo mbili ndiyo kemba yako. Mteremko wa sakafu umejifuta wenyewe. Kushoto na kulia zikitofautiana zaidi ya nusu digrii, naanza kushuku kilichopinda.

Kwa too, tafuta vipande viwili vya alumini vilivyonyooka, virefu kuliko tairi. Kila kimoja kitie alama mbili zilizoachana sawasawa na kipenyo cha tairi. Vibandike kwenye ubavu wa nje wa matairi yote mawili, juu ya matofali madogo ya urefu sawa ili vipite juu ya uvimbe wa chini wa tairi, alama moja ikiwa mbele ya tairi na nyingine nyuma. Wewe na mwenzako pimeni kwa futi umbali kati ya alama za mbele, kisha za nyuma. Mbele pakiwa papana kuliko nyuma, una toauti. Sukuma gari mbele nusu mzunguko wa gurudumu, upime tena na kuchukua wastani, ili rimu iliyopinda isikudanganye. Kama gari limetoka kwenye jeki, lisukume mita chache na ulibonyeze mbele mara kadhaa kabla ya kupima, la sivyo magurudumu yamesimama kwa kujibana.

Futi ivutwe kwa nguvu ileile kila mara. Kwenye too, milimita moja si kitu cha kupuuza.

Kwenye alaimenti

Nenda na viungo vizima, upepo sahihi, na tangi na buti katika hali yake ya kawaida. Omba karatasi ya kabla na ya baada. Fundi asiyekupa namba za kabla amekunyima nusu ya majibu. Omba na magurudumu ya nyuma yapimwe, hata kama kwenye gari lako hayarekebishiki, maana usukani unanyooshwa kwa kufuata uelekeo wa nyuma.

Utaambiwa kwamba gari lako halina marekebisho ya kemba, na mara nyingi ni kweli: magari mengi ya shokapu ndefu yanarekebishwa too peke yake kwa mbele. Hilo lisimalize mazungumzo. Kama kemba imetoka nje ya kipimo na haina bolti ya kuirekebisha, basi kuna kitu kilichoihamisha, na kitu hicho kinatafutwa. Bolti zenye kichwa cha yai zinazouzwa kwa kazi hiyo zinasaidia tofauti ndogo. Hazinyooshi nako iliyopinda.

Too inarekebishwa kwa kulegeza nati ya tairodi na kuizungusha. Reki ikiwa nyuma ya ekseli, kuirefusha tairodi kunafunga magurudumu kwa mbele. Reki ikiwa mbele ya ekseli, ni kinyume chake. Pande zote mbili zizungushwe kwa kiasi sawa, vinginevyo usukani utakaa upande.

Kuhusu yale matairi yaliyolika: kuyapeleka nyuma hakuyaponyi. Wapo wanaoyageuza juu ya rimu ili bega zima liingie ndani. Kwa tairi lisilo na mshale wa mwelekeo wala maandishi ya upande wa nje, na ambalo bega lake bado lina kashata halali, inawezekana. Ila ligeuze baada ya kutengeneza gari, usiligeuze ili kupata miezi mingine ya kutotengeneza.

Na ukibaki na matairi ya zamani yenye meno, yataendelea kuvuma hata pembe zikiwa sahihi kabisa. Usirudi kugombana na fundi kwa ajili ya mvumo. Pima tena kina sehemu zilezile tatu baada ya kilomita 1,000 na tena zikifika 3,000, uandike pembeni ya namba za kwanza. Ndani ikishuka sambamba na katikati, gari limepona. Ikiendelea kukimbia peke yake, rudi kwenye mtaimbo na bushi, usianzie kwenye mashine.